Mafuta ya ufuta ya Mchinga na chupa ya boroni trifloridi: uchambuzi wa kisa

Katikati ya Mei 2024 maabara moja mjini Mtwara ilitoa ripoti ya mafuta ya ufuta yaliyokamuliwa na kikundi cha akina mama wa Mchinga, mkoani Lindi. Ripoti ilikuwa na mistari michache ya asidi zinazounda mafuta: asidi ya palmitiki asilimia 11.9, steariki 7.3, oleiki 43.8, linoleiki 35.6, nyinginezo 1.4. Chini yake paliandikwa kwamba mafuta hayakidhi kiwango na kwamba yana dalili za kuchanganywa. Mnunuzi wa Dar es Salaam, aliyekuwa ameagiza lita 400, akasitisha malipo siku hiyohiyo.

Baadaye kikundi na maabara walikubaliana shauri lipitiwe na mtu wa nje, nami nikaombwa kwa kuwa kazi yangu ni uchunguzi wa mafuta na vyakula. Naliandika kwa ridhaa yao, bila kutaja majina. Nina sababu moja ya kuliandika kwa urefu: nimeona ripoti nyingi za namna hii zikipokelewa kama hukumu ya mahakama, ilhali aliyesoma kromatogramu, yaani mchoro wa vilele unaotolewa na mashine ya kupimia, hakuuliza hata swali moja kuhusu kimiminika kilichotumika kuandaa sampuli.

Mwenyekiti wa kikundi ni mama wa makamo, mkulima wa ufuta tangu ujana wake. Tulipokutana Lindi, nilimwamkia, akaitikia, kisha hakusubiri niulize. "Mwanangu, mimi mawese ya kuchanganyia niyatoe wapi Mchinga? Ufuta ni wa mashamba yetu, tumeupepeta wenyewe, tumeukamua wenyewe. Hayo mengine wanayajua wao wenye mashine." Maneno yake si ushahidi wa kikemia. Lakini mchunguzi anayepuuza maneno kama hayo kabla ya kupima tena amefunga mlango mapema mno.

Namba zenyewe zilivyojikanusha

Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya vyakula, cha mafuta ya mimea kinataka mafuta ya ufuta yawe na palmitiki kati ya asilimia 7.9 na 12.0, steariki 4.5 hadi 6.7, oleiki 34.4 hadi 45.5, linoleiki 36.9 hadi 47.9. Kwa hiyo mafuta ya Mchinga yalianguka sehemu mbili: linoleiki ilipungua, steariki ilizidi. Palmitiki nayo ilikuwa imegusa dari. Kwa haraka haraka, palmitiki juu na linoleiki chini humfanya mtu awaze mawese, na ndivyo maabara ilivyowaza.

Hesabu inakataa. Chukua ufuta wa kawaida wenye palmitiki 9, steariki 5.5 na linoleiki 44. Mawese yana palmitiki kama 44, steariki kama 4.5, linoleiki kama 10. Ukitaka palmitiki ipande hadi karibu 11.9 utatia mawese kama asilimia 8. Ukifanya hivyo, steariki inashuka kidogo hadi 5.4, na linoleiki inabaki juu ya 41. Ripoti ya Mchinga ilikuwa na steariki 7.3 na linoleiki 35.6. Hakuna kiasi cha mawese kinachoweza kuleta namba hizo mbili kwa pamoja.

Kuna aliyesema labda ni mafuta ya korosho, kwa kuwa tuko Kusini na korosho ina steariki nyingi. Nayo haikai. Mafuta ya kiini cha korosho hayapandishi palmitiki ya ufuta, na hakuna mfanyabiashara mwenye akili timamu anayechukua mafuta ghali zaidi kuchakachulia ya bei nafuu.

Kilichonivuta zaidi ni uwiano. Palmitiki na steariki zilikuwa zimepanda zote mbili kwa kipimo kilekile. Ukigawanya 11.9 kwa 7.3 unapata 1.63, na ufuta mwingi mzuri una uwiano huohuo. Asidi hizi mbili hazina viungo maradufu kati ya kaboni; oleiki ina kimoja, linoleiki ina viwili. Kwa maneno mengine, zisizo na kiungo maradufu hazikuwa zimeongezeka. Zenye viungo maradufu ndizo zilizopotea, na zenye viwili zikapotea zaidi ya yenye kimoja. Kwa kuwa ripoti hugeuza kila kitu kuwa asilimia ya kilichoonekana, zilizobaki zikaonekana zimenenepa.

Ushahidi wa pili ulikuwa ndani ya daftari la maabara hiyohiyo. Mteknolojia alikuwa amepima namba ya iodini kwa titresheni ya Wijs na kupata 110. Kipimo hiki huhesabu viungo maradufu moja kwa moja kwenye mafuta yenyewe, bila kuyageuza kwanza kuwa kitu kingine, na Codex inataka ufuta uwe kati ya 104 na 120. Ukikokotoa namba ya iodini kutokana na asidi zilizoripotiwa, yaani oleiki mara 0.860 na linoleiki mara 1.732, unapata kama 99. Mafuta yaleyale, wiki ileile, maabara ileile: 110 kwa titresheni na 99 kwa kromatografia. Namba hizo mbili haziwezi kuwa kweli zote. Zilikuwa kurasa mbili tofauti za daftari moja, na hakuna aliyezikutanisha.

Chupa

Mafuta hayaingizwi kwenye mashine ya kromatografia ya gesi jinsi yalivyo; ni mazito, hayafuki. Lazima kwanza asidi zake zitolewe kwenye gliseroli inayozishikilia na kila moja ishikishwe methanoli, iwe esta ya methili, nyepesi ya kutosha kupita kwenye safu ya mashine. Njia inayotumika sana ni kuyachemsha mafuta na sodiamu haidroksaidi ndani ya methanoli, kisha kuongeza methanoli yenye boroni trifloridi, kwa kawaida ya asilimia 14. Wakemia Metcalfe na Schmitz waliitangaza kemia hiyo ya boroni trifloridi mwaka 1961 na imedumu kwa sababu ni ya haraka: baada ya kuongeza kitendanishi hicho cha boroni, dakika chache tu kwenye maji yanayochemka zinatosha.

Niliomba kuiona chupa. Mteknolojia, dada makini ambaye daftari lake ndilo lililotuokoa, aliitoa kwenye rafu ya juu karibu na dirisha. Si kwenye friji. Friji ya maabara ilikuwa imesumbuliwa na kukatikakatika kwa umeme, ikajazwa sampuli za watu, chupa ikahamishwa "kwa muda". Kibandiko chake kilisema ihifadhiwe kati ya nyuzi joto 2 na 8, na tarehe ya kwisha muda ilikuwa imepita.

Tuliifungulia ndani ya kabati la kuvuta hewa chafu. Mtwara ni mji wa pwani, na hata kwenye majira ya kusi hewa ina maji mengi. Kizibo kilipolegezwa tu, wingu jeupe jembamba likatambaa mdomoni mwa chupa na kuteremka ubavuni, kwa sababu gesi ya boroni trifloridi ni nzito zaidi ya mara mbili ya hewa. Kuzunguka hesi za kizibo palikuwa na ukoko mweupe kama chumvi ya pembezoni mwa sufuria. Chini ya ukoko, kioo cha shingo kilikuwa kimepoteza mng'ao. Ukipitisha kidole chenye glavu unahisi ukwaruzo.

Ukoko ule tuliupima kwa njia ya zamani ambayo kila mwalimu wa kemia anaipenda. Punje kidogo kwenye kibakuli cha kauri, methanoli kidogo, matone ya asidi kali ya salfa, halafu kiberiti. Mwali ukatoka kijani kibichi, kingo zake zote. Ile ni esta ya boroni na methanoli, trimethili borati, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 68 na kuungua kwa rangi hiyo. Kwa hiyo ukoko ulikuwa na asidi ya boriki: sehemu ya boroni trifloridi ilikuwa imekwisha kukutana na maji ya hewani.

Kwa nini boroni trifloridi hutenda hivyo

Atomu ya boroni ina elektroni tatu tu za kushirikiana. Inapojifunga na atomu tatu za florini inabaki na elektroni sita kuizunguka badala ya nane, na nafasi moja iko tupu. Molekuli ni bapa, pembe tatu sawa, na ile nafasi tupu iko wazi juu na chini yake. Chochote chenye jozi ya elektroni ya kutoa, mfano oksijeni ya maji au ya methanoli, kitashikwa. Tangu mkemia G. N. Lewis alipoeleza jambo hili mwaka 1923, vitu vya namna hii tunaviita asidi za Lewis.

Oksijeni ya methanoli ikishatoa jozi yake kwa boroni, haidrojeni iliyoishikilia inalegea sana. Hapo ndipo methanoli ya kawaida inapogeuka kuwa asidi kali, na asidi hiyo ndiyo inayoisukuma asidi ya mafuta kuwa esta. Hiyo ndiyo faida tunayoilipia. Lakini haidrojeni iliyolegea haichagui. Ikipewa nafasi na muda, inakwenda pia kwenye kiungo maradufu cha oleiki au linoleiki, kiungo kinafunguka, na methanoli inajipachika pale. Kinachotoka ni esta yenye kundi la methoksi katikati ya mnyororo, ambayo kwenye kromatogramu hutokea baadaye sana, mbali na mahali tunapoitafuta. Uharibifu huu ulishajulikana tangu miaka ya 1960, hasa kwa kitendanishi kilichokolea mno na kwa kilichozeeka.

Maji huleta tatizo la upande mwingine. Molekuli nne za boroni trifloridi zikikutana na tatu za maji, mwisho wake ni molekuli tatu za asidi ya floroboriki na moja ya asidi ya boriki. Asidi ya floroboriki nayo ni kali, kwa hiyo chupa haipoi. Inabaki na makali, ila sasa ina maji ndani yake. Na maji hurudisha nyuma utengenezaji wa esta. Matokeo yake, zile dakika chache hazitoshi tena. Floridi inayotoka polepole ndiyo iliyokwangua kioo cha shingo.

Wafaransa Gay-Lussac na Thénard, waliopata gesi hii mwaka 1808 kwa kukanza madini ya kalsiamu floridi pamoja na asidi ya boriki iliyoyeyushwa, waliona mambo mawili: haili kioo, na inafuka vikali kwenye hewa yenye unyevu. Walikuwa wakitafuta asidi ya floridi, wakaangukia hii. Ikiwa kavu, kweli kioo hakidhuriki. Chupa yetu haikuwa kavu.

Watu huuliza kwa nini tusitumie ndugu zake wa klorini au bromini. Jibu linashangaza kidogo. Florini ndiyo inayovuta elektroni kuliko wote, kwa hiyo ungetarajia boroni trifloridi iwe kali kuliko boroni trikloridi na boroni tribromidi. Ni kinyume. Florini, kwa kuwa ni ndogo na iko karibu, inairudishia boroni sehemu ya elektroni zake kwenye ile nafasi tupu, na njaa ya boroni inapungua. Kwa hiyo trifloridi ndiyo mpole wa ukoo, na ndiyo maana inaweza kukaa ndani ya methanoli ikiwa imeshikana nayo tu. Trikloridi, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 12.6 na kwa joto la Mtwara ni gesi tupu, hupasuana na methanoli na kutoa haidrojeni kloridi. Tribromidi ni kimiminika, huchemka kwenye nyuzi joto 91, na ni kali zaidi ya hizo mbili. Huyo mpole ndiye aliyetufikisha hapa.

Dakika 45

Daftari lilionyesha kitu kingine. Miezi ya nyuma, mteknolojia alikuwa akichemsha kwa dakika tatu kama utaratibu unavyosema. Kuanzia Machi muda ukawa kumi, kisha ishirini, mwishowe 45. Nilimuuliza, akajibu bila kificho: esta zilikuwa hazikamiliki, alama za asidi huru, yaani zisizofungwa kwenye esta wala gliseroli, zilikuwa zinabaki, na akaambiwa na mkuu wake aongeze muda hadi zikamilike. Kitendanishi kipya kilikuwa kimeagizwa Dar es Salaam tangu Aprili. Kisha kimbunga Hidaya kikapiga pwani tarehe 4 Mei, mafuriko yakaikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi kule Somanga, magari yakakwama, na chupa mpya ikakwama nayo. Si mzigo ambao basi lolote linakubali kuubeba chini ya viti vya abiria.

Namuelewa kabisa dada yule. Aliona dalili, akaitibu dalili. Mkuu wake ndiye aliyepaswa kuuliza kwa nini kitendanishi cha dakika tatu kinahitaji robo tatu ya saa.

Wakati tunasubiri barabara, mkuu huyohuyo alipendekeza maabara ijitengenezee kitendanishi: itafutwe gesi, ipitishwe kwenye methanoli baridi. Nilikataa, na nitakataa tena popote nitakapoulizwa. Boroni trifloridi ni gesi inayounguza mapafu, inaposhikana na methanoli hutoa joto jingi, methanoli yenyewe inashika moto, na kabati la kuvuta hewa la pale lilikuwa linavuta kwa shida hata moshi wa kijiti cha kiberiti. Jeli ya kalsiamu glukonati, ambayo ndiyo huduma ya kwanza ya ngozi iliyoguswa na floridi, haikuwepo kabisa. Kemikali za namna hii ziko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sababu za msingi. Isitoshe, hatukuihitaji.

Hatukuihitaji kwa kuwa kuna njia ya kupata esta bila asidi yoyote. Mafuta yanayeyushwa kwenye heksani, inaongezwa potasiamu haidroksaidi iliyomo ndani ya methanoli, neli inatikiswa kwa nguvu bila moto, inaachwa itulie, na tabaka la juu linaingizwa kwenye mashine. Viungo maradufu haviguswi. Sharti lake ni mafuta yasiwe na asidi huru nyingi, maana hizo zitageuka sabuni badala ya esta. Mafuta ya Mchinga yalikuwa na thamani ya asidi, yaani kipimo cha asidi huru, ya 1.4, chini sana ya 4.0 inayoruhusiwa kwa mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa. Yalifaa bila wasiwasi.

Tulichopima

Kabla ya chochote, kila sampuli tuliitia kiasi kinachojulikana cha trigliseridi (asidi tatu zilizoshikana na gliseroli) ya asidi ya margariki, asidi ya kaboni 17 ambayo ufuta hauna kwa kiwango cha maana. Haina kiungo maradufu, kwa hiyo haiharibiki. Kwayo unaweza kuhesabu uzito halisi wa kila esta badala ya kuridhika na asilimia zinazojumlika kuwa mia hata kama robo ya mafuta imetoweka. Ningeomba kila maabara inayopima mafuta kwa ajili ya biashara ilazimike kufanya hivi. Gharama yake ni ndogo mno.

Kwa njia ya baridi, mafuta ya Mchinga yalitoa palmitiki 9.2, steariki 5.6, oleiki 39.8, linoleiki 44.3. Uzito wote wa esta ulirudi, 99 kwa 100. Namba ya iodini iliyokokotolewa kutoka hapo ikawa karibu 111, jirani kabisa na ile 110 ya titresheni. Ni ufuta safi, uliokaa katikati ya kiwango.

Kwa chupa ya zamani na dakika 45, linoleiki ikarudi 35.4, karibu sawa na ripoti. Uzito wa esta uliorudi ulikuwa 77 kwa 100. Tukamwomba mteknolojia aiache mashine iendelee kukimbia baada ya muda wa kawaida wa kuisimamisha. Vilima vidogovidogo vikaanza kuinuka pale ambapo zamani karatasi ilikuwa imekwisha kukatwa. Hatukuwa na mashine ya kupima masi za molekuli ili kuvitaja kimoja kimoja, lakini havikuwepo kabisa kwenye sampuli ya njia ya baridi, na havikuwepo kwenye sampuli tupu ya kitendanishi bila mafuta. Kompyuta haikuwa ikiviona kwa sababu iliagizwa kuhesabu vilele vyenye majina tu.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote halikuhusu ufuta. Nilitaka kujua kama chupa inaharibu mafuta yote au yenye viungo maradufu tu, na Kusini tuna bahati ya kuwa na mafuta ya kila aina mkononi. Tukakuna nazi tukapata mafuta yake, na tukakamua viini vya korosho. Nazi ni zaidi ya asilimia 90 asidi zisizo na kiungo maradufu. Kwa chupa ya zamani, dakika 45, lauriki, asidi kuu ya nazi, ilikuwa 48.0, kwa njia ya baridi 47.7. Uzito uliorudi, 97 kwa 100, na sehemu ya pungufu hiyo ilikuwa asidi ya kapriliki, ambayo esta zake ni nyepesi na hupeperuka ukizichemsha muda mrefu. Chupa iliyomhukumu mama wa Mchinga ilitoa ripoti nzuri kabisa ya nazi.

Korosho ikasimama katikati, kama ilivyopaswa: uzito uliorudi 84 kwa 100. Ndani yake kulikuwa na mtego ambao nataka kila mwanafunzi auone. Linoleiki ilishuka kutoka 18.7 hadi 13.8, sawa. Lakini oleiki, iliyokuwa imepoteza kama asilimia 15 ya uzito wake, kwenye ripoti ya asilimia ilionekana *imepanda*, kutoka 60.4 hadi 61.2, kwa sababu jirani yake alikuwa amepotea zaidi. Mtu aliyesoma asilimia pekee angeapa kwamba oleiki iko salama.

Mwishoni mwa Mei chupa mpya ikafika, ikaenda moja kwa moja kwenye friji. Sasa tukaweza kutenganisha makosa mawili. Chupa mpya, dakika tatu: linoleiki 44.2. Chupa mpya, dakika 45: 42.6. Chupa ya zamani, dakika tatu: 42.1, ingawa esta hazikukamilika sawasawa. Chupa ya zamani, dakika 15: 39.8. Chupa ya zamani, dakika 45: hiyo tunaijua.

Soma tena namba hizo ukiwa na kiwango cha Codex pembeni. Chupa mbovu peke yake isingeyaangusha mafuta. Muda mrefu peke yake usingeyaangusha. Kila kosa lilikula asilimia mbili hivi na kuyaacha mafuta ndani ya mipaka, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka kwa miezi. Yalipokutana, hasara haikuwa nne bali karibu tisa. Uzee wa chupa ulimlazimisha mteknolojia kurefusha muda, na muda mrefu ukaipa asidi ile nafasi ya kufanya kazi ambayo haikutumwa kuifanya.

Baada ya hapo

Maabara iliifuta ripoti ya kwanza kwa barua, ikatoa mpya yenye matokeo ya njia zote mbili, na ikarudisha ada. Mnunuzi alizichukua lita 400, ila kwa bei ya chini kidogo, kwa hoja kwamba mafuta yamekaa. Mwenyekiti hakufurahi na sikumlaumu. Msimu mpya ulikuwa umeanza, ufuta mpya unaelekea minadani, na lile pengo la bei hakuna aliyejitolea kulifidia. Kwa maoni yangu ilikuwa haki yake kufidiwa na maabara, na nimeandika hivyo kwenye taarifa niliyowakabidhi wote wawili.

Chupa ya zamani haikumwagwa kwenye sinki. Iliwekwa ndani ya ndoo ya plastiki yenye chokaa kavu kuizunguka, ikaandikwa, ikatolewa taarifa ili ichukuliwe kwa utaratibu wa taka za kemikali.

Kazi iliyobaki ni ya mezani. Kila ripoti iliyotoka tangu muda wa kuchemsha ulipovuka dakika tatu inapitiwa kwa mpangilio wa viungo maradufu: za nazi zinaachwa kama zilivyo, za korosho na ufuta zinarudiwa kwa njia ya baridi pale sampuli ilipohifadhiwa, na pale isipohifadhiwa mteja anaandikiwa kwamba namba zile zisitumike. Kati ya zilizokwisha kurudiwa, sampuli moja ya ufuta imebaki na palmitiki ya juu na steariki ya chini kwa njia zote mbili, na esta zake zote zimerudi. Hiyo imechanganywa kweli, na ripoti yake inasimama.